Manyoya ya Mshale Mawindoni: Kuyalinda na Kuyaficha (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Wengi wanaouliza kuhusu manyoya ya mshale huanza na rangi: mnyama ataiona au hataiona? Sisi tunaanza na maji, kwa sababu unyoya uliolowa huharibu mawindo mengi kuliko unyoya mwekundu. Kuhusu kuficha, msimamo wetu ni huu: ficha manyoya mshale ukiwa podoni, usiyafiche ukiwa hewani. Majibu yanamhusu anayewinda kwa upinde kwa kibali, mahali ambapo sheria inamruhusu.

Kwa nini manyoya ya mkiani yapewe uangalizi wote huu?

Mshale hauondoki upindeni ukiwa umenyooka. Uzi unapousukuma kwa nguvu kutoka nyuma, uti (fimbo ya mshale) hupinda na kupindukia upande wa pili, na huendelea kutikisika hivyo kwa mita kadhaa. Manyoya hushika hewa mkiani, yakauvuta mkia nyuma ya ncha, mshale ukatulia. Kwenye mazoezi, ncha butu ya mviringo haiwapi kazi kubwa. Mawindoni unatumia ncha pana yenye makali, na makali hayo nayo hushika hewa kule mbele. Hapo mbele panataka kuongoza na nyuma panataka kuongoza, na ni lazima nyuma pashinde. Unyoya mmoja ukilala kwa unyevu au ukibanduka, mbele panashinda. Mshale uliolengwa mapafuni unaishia tumboni, na mnyama aliyepigwa tumboni huteseka kwa saa nyingi kabla ya kufa, mara nyingi mahali ambapo hutampata. Ndiyo maana tunalichukulia jambo hili kwa uzito.

Manyoya halisi au mabawa ya plastiki?

Inategemea upinde wako. Ukipiga upinde wa jadi ambao mshale unapita juu ya mkono au kwenye ukingo wa mpini, tumia manyoya halisi. Unyoya hulala unapogusa upinde, kisha husimama tena. Plastiki haikubali kulala, kwa hiyo huusukuma mkia wa mshale pembeni. Manyoya pia ni mepesi: matatu yenye urefu wa sentimita 12 hivi huwa na uzito wa karibu nusu gramu kwa jumla, wakati mabawa ya plastiki ya ukubwa unaokaribia huo yanaweza kufika gramu moja na nusu. Uzito wa mkiani hupunguza utulivu.

Plastiki inafaa kwenye upinde wa kisasa wa magurudumu, ambako mshale hukaa juu ya kishikio kilichoinuka na hakuna kinachogusa mkia. Haijali mvua, na faida hiyo ni kubwa. Lakini plastiki nyingi hung'aa, na hilo tutalijibu hapa chini.

Mvua hufanya nini hasa kwenye unyoya?

Unyoya umejengwa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizoshikana kwa vikulabu vidogo mno. Hewa iliyo kati ya nyuzi hizo ndiyo inayoupa ugumu na wepesi. Maji yakiingia, nyuzi hushikamana vifungu vifungu, unyoya mzima hulala kwenye uti, na mkia huongezeka uzito. Mshale kama huo unashuka mapema na kuyumba.

Ndege mwenyewe hupaka manyoya yake mafuta kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Lakini manyoya ya bata mzinga, ambayo ndiyo yanayotumika sana kwa mishale siku hizi, huoshwa na mara nyingi hutiwa rangi kabla ya kuuzwa, na mafuta hayo huondoka. Unyoya unaofika mikononi mwako hauna kinga ile ndege aliyokuwa nayo, na ni wewe unayepaswa kuirudisha.

Usisahau umande. Mwindaji anayefika kwenye maficho kabla ya alfajiri akipita kwenye nyasi ndefu, podo likiwa nyongani, anaweza kulowesha manyoya yote pasipo tone la mvua kudondoka.

Kuna unga, dawa ya kupulizia, nta na mafuta. Kipi kinafaa?

Unga ndio tunaoupendekeza kwanza. Ule bora ni unga mwepesi sana wa silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) uliotengenezwa kukataa maji, wa aina ileile wanayotumia wavuvi wa ndoano kukausha chambo za manyoya ili zielee. Tia vijiko viwili hivi kwenye mfuko wa plastiki, ingiza mikia ya mishale, kaza mdomo wa mfuko kwenye nyuti, kisha tikisa taratibu. Utoe mshale, ugongegonge kidogo, unga wa ziada udondoke. Unyoya uwe mkavu kabisa kabla ya kuanza, la sivyo unga utaufungia unyevu ndani. Fanya kazi hiyo nje na uzibe pua na mdomo, kwa kuwa unga huo ni laini mno na haufai kuvutwa.

Dawa ya silikoni ya kupulizia, ile ya kuzuia maji kwenye viatu na mahema, inafanya kazi pia. Pulizia tabaka jepesi, acha likauke, pulizia la pili. Ina kasoro mbili: hunuka, kwa hiyo ifanye siku kadhaa kabla ya kuwinda na uache mishale mahali penye hewa, halafu gundi haishiki vizuri juu ya silikoni. Kama kuna unyoya wa kubandika, bandika kwanza.

Nta na mafuta mazito tungekushauri uache. Vinaziba nafasi za hewa kati ya nyuzi, vinaongeza uzito, na vumbi lote la njiani linanasa humo.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoufanya unyoya ustahimili mvua ya kutwa nzima. Vinakununulia muda. Kwa mvua kubwa unahitaji kifuniko.

Nimelowa tayari, niko porini. Nifanye nini?

Shika uti kati ya viganja viwili, mkia ukielekea chini na mbali na uso, kisha uzungushe haraka kama anayepekecha moto. Maji mengi yataruka. Funika ncha kwanza. Baada ya hapo pitisha vidole kwenye unyoya kufuata mwelekeo wa nyuzi, kutoka upande wa mbele kwenda mkiani, ili vikulabu vishikane tena. Ukiwa na kitambaa kikavu, bana unyoya, usiusugue.

Mshale ulio kwenye uzi ndio utakaotumika, hivyo ndio unaopaswa kuukinga zaidi. Weka mwingine mkavu akiba chini ya kifuniko. Na kama manyoya yamelala na hayasimami, punguza umbali unaokubali kupiga, au usipige kabisa.

Wanyama wanaona rangi ya manyoya yangu?

Wanaona, ila si kama wewe. Binadamu ana aina tatu za seli za rangi machoni. Wanyama wenye kwato, wakiwemo swala na kulungu, wana aina mbili. Kwa kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, ambaye macho yake yamechunguzwa kwa kina, aina moja hupokea vizuri zaidi mwanga wa bluu wa karibu nanomita 450 hadi 460, na nyingine mwanga wa kijani wa karibu nanomita 537. Hana seli ya tatu ya kutenganisha nyekundu na kijani. Unyoya wa rangi ya chungwa au nyekundu anauona, lakini kama rangi iliyofifia ya familia moja na majani na udongo.

Bluu ni habari nyingine. Kulungu huiona vizuri, tena lenzi ya jicho lake hupitisha mwanga wa urujuanimno ambao lenzi ya binadamu huuzuia. Nguo au kifuniko cha podo kilichofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha nguo nyeupe kinaweza kuwaka machoni pake wakati wewe unakiona cha kawaida. Nyeupe inaangukia hapohapo: inarudisha mwanga wa kila aina, bluu ikiwemo. Kuna jambo jingine pia. Wanyama wengi wa jamii ya paa na kulungu wana weupe mkiani au matakoni, na baadhi yao huuonyesha wanaposhtuka na kukimbia. Manyoya matatu meupe yakicheza ghafla kichakani yanafanana mno na ishara ya hatari.

Hata hivyo, kinachomfichua mwindaji mara nyingi zaidi ni mwendo. Mnyama anaweza kupita mbele ya mishale ya rangi kali iliyotulia asishughulike. Mishale hiyohiyo ikiyumba pale unapogeuza upinde, macho yake yanatua hapo. Podo linalofungwa kwenye upinde lina ubaya huu: kila upinde unaposogea, mikia mitano au sita inasogea pamoja nao, juu, mahali peupe.

Na ndege?

Ndege ni tofauti kabisa. Kanga, kwale na bata mzinga wana aina nne za seli za rangi, wanaona rangi kuliko sisi, nyekundu ikiwemo. Ukiwinda ndege, yote tuliyosema kuhusu usalama wa rangi ya chungwa yaweke pembeni na ufunike kila kitu.

Kuna suala la usalama pia kwa anayewinda bata mzinga wa porini. Kichwa cha dume huwa na nyekundu, nyeupe na bluu, na mwindaji mwingine akiona rangi hizo zikisogea kichakani anaweza kuzielekezea silaha. Rangi hizo tatu zisionekane popote mwilini mwako wala podoni.

Basi nichague rangi gani?

Jiulize kwanza manyoya yana kazi gani baada ya kuachia uzi. Unahitaji kuona mshale umeingia wapi: mapafuni, begani, nyuma ya mbavu? Jibu hilo ndilo linaloamua kama utaanza kufuatilia sasa hivi au utasubiri saa kadhaa. Kisha unahitaji kuupata mshale wenyewe. Mwindaji mwenye manyoya ya kahawia yaliyofichika vizuri anajinyima vyote viwili.

Kwa wanyama wenye kwato tunapenda chungwa au njano. Chungwa hufichika zaidi machoni mwao. Njano huonekana zaidi machoni mwako jioni, kwa sababu giza linapoingia jicho la binadamu hupoteza nyekundu mapema, unyoya mwekundu ukageuka mweusi wakati njano bado inaonekana. Ila njano ni nyangavu kwa mnyama pia, na inataka kifuniko. Kwenye majani makavu yaliyoanguka, chungwa hupotea machoni mwako vilevile, basi tazama ardhi ya mahali unapowinda.

Kuna njia ya katikati, nayo ni nzuri: manyoya mawili yenye mistari ya asili ya kahawia, ambayo huvunja umbo la mshale, na mmoja wa rangi kali. Rangi hiyo iwe kwenye unyoya unaotazama nje ya upinde, nawe utajua pia jinsi ya kuweka mshale kwenye uzi bila kupekuapekua.

Kifuniko cha podo kiweje?

Mfuko laini unaovikwa juu ya mikia yote kwa pamoja, wenye kamba au lastiki ya kukaza chini ya manyoya. Kitambaa kiwe kimya, hilo ni la kwanza. Nailoni nyembamba inazuia maji lakini inakwaruza kila tawi linapoigusa; sufu laini kama ya blanketi ni kimya lakini inanyonya maji. Tatizo hili linatatuliwa kwa tabaka mbili, nailoni ndani na kitambaa laini nje. Kiwe na nafasi. Mfuko uliobana huyalaza manyoya, na unyoya uliolazwa siku nzima unatoka umepinda.

Manyoya yasigusane humo ndani. Kwenye mabaki ya meli ya Uingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zilipatikana sahani za ngozi zenye matundu 24, kila tundu la mshale mmoja, ili mishale ikae mbalimbali na manyoya yasipondane. Unaweza kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa kipande cha sponji gumu. Kama huna, panga mishale kwa kuizungusha zamu kwa zamu, unyoya wa huu uingie katika nafasi ya ule.

Na kifuniko kitoke kwa mkono mmoja. Fanya mazoezi nyumbani mpaka uweze kuchomoa mshale wa pili bila kutazama. Ukishakaa mafichoni, toa mshale mmoja tu, uweke kwenye uzi, mingine ibaki imefunikwa.

Mshale ulio kwenye uzi hauna kifuniko. Nao?

Uwekee kivuli. Ukiwa ardhini, keti mahali ambapo mkia wa mshale unaangukia upande wa mwili wako na si upande wa mnyama. Jua likiwa nyuma yako, manyoya hupenyeza mwanga na kuwaka pembezoni. Sogea kwenye kivuli cha shina. Ukiwa juu ya jukwaa la mtini, ning'iniza upinde ukiwa umesimama karibu na shina, usiwe umelala ukikatiza anga. Wengine huvisha mkia kitambaa chepesi wanachokiondoa wanapoona mnyama anakuja. Sisi hatukipendi, kwani ni mwendo mmoja zaidi wakati ambao hutakiwi kusogea.

Plastiki inang'aa. Naweza kuipunguza?

Ndiyo. Isugue polepole kwa dodoki la jikoni lenye kukwaruza kidogo mpaka mng'ao ufe. Mkaa na tope havishiki kwenye plastiki. Kwenye unyoya halisi unaweza kupunguza weupe kwa kalamu ya wino usiofutika, ukichora mistari ya kukatiza, au kuchovya manyoya ambayo hayajabandikwa kwenye chai nzito ya moto isiyochemka. Yakaushe yakiwa yamelala, kisha ndipo uyatie unga.

Manyoya yangu yanapiga mluzi hewani. Mnyama anasikia?

Anasikia upinde kwanza, kwa sababu sauti inauacha mshale nyuma. Lakini mluzi wa manyoya humfikia pia, na mnyama aliyekwisha shtuka anaweza kujikunja kuondoka. Unyoya mrefu na mrefu kwenda juu hupiga kelele kuliko mfupi. Unyoya wenye mgongo uliochongwa kwa mchirizo laini ni kimya kuliko ule unaokatika ghafla nyuma kwa pembe. Bawa la plastiki lililochanika huvuma, na unyoya uliolegea mbele hutetemeka. Acha simu ikirekodi karibu na shabaha, nyuma ya kinga imara, upige mshale mmoja mmoja na usikilize. Wenye kelele utaujua mara moja.

Manyoya yamepondeka safarini. Nitupe?

Hapana. Chemsha maji, pitisha mkia kwenye mvuke kwa sekunde kumi hadi ishirini huku ukiuzungusha, na utaona nyuzi zinasimama zenyewe. Usiusogeze karibu mno, joto hulegeza gundi. Bawa la plastiki lililojikunja hunyooka kwa maji ya moto au kikaushia nywele, lakini kwa uti wa kaboni kuwa mwangalifu zaidi: joto jingi huudhuru.

Unyoya unabanduka upande wa mbele. Ni hatari?

Ni hatari kwa mkono wako, na watu wachache hulitilia maanani. Anayepigia mshale juu ya mkono anaupitisha unyoya huo kwenye ngozi yake kwa kasi kubwa, na ncha ya mfupa wa unyoya iliyoinuka hukata au kuingia ndani. Kila mshale, kila siku ya mawindo, pitisha kidole mbele ya manyoya kuelekea mkiani. Kikikwama, usiutumie.

Tia tone la gundi mbele na nyuma ya kila unyoya. Kisha funga uzi mwembamba uliokazwa kuzunguka ncha za mbele za manyoya yote, na uupake gundi uwe laini. Njia hii ni ya kale sana. Mtu aliyegandishwa na barafu milimani Alps, aitwaye Ötzi, aliyekutwa mwaka 1991 na aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na nyuti 14 podoni, mbili tu zikiwa zimekamilika. Manyoya ya hizo mbili yalibandikwa kwa lami ya mti na kufungwa kwa uzi.

Unyoya ukichanika kiasi gani uache kuutumia?

Unyoya halisi una uvumilivu. Ukipungukiwa kipande kidogo bado huongoza. Bawa la plastiki lililochanika, hasa ukingo wa nyuma, libadilishe. Lakini kipimo halisi ni shabaha: piga mshale huo ukiwa na ncha pana, kwa umbali unaowindia. Ukiachana na wenzake, usiende nao porini.

Nihifadhije msimu ukiisha?

Adui ni viwavi vya nondo na vya baadhi ya mbawakawa, ambao hula manyoya. Vitobo na ukingo uliotafunwa ndiyo dalili. Tumia sanduku linalofunga vizuri, mishale ikiwa mikavu. Ukishuku wadudu, fungia mishale mfukoni na uiweke kwenye jokofu la kugandisha kwa wiki mbili. Dawa za nondo za vidonge hufukuza wadudu lakini harufu yake hubaki kwenye mshale na kuingia nawe porini. Usiache mishale kwenye gari lililo juani: gundi hulegea na plastiki hupinda.

Mshale umempita mnyama na manyoya yamejaa damu. Nioshe vipi?

Usioshe kwanza. Soma. Mshale uliopita mwilini hubeba ushahidi wote kwenye manyoya, na hapo rangi ya njano au nyeupe iliyokuwa imefunikwa podoni inalipa, kwani damu kwenye kahawia haisomeki. Damu nyekundu ya kupauka yenye mapovu ni ya mapafu. Mnyama kwa kawaida hayuko mbali. Damu nyeusi nzito huelekeza kwenye ini: kaa, subiri saa kadhaa. Uchafu wa kijani au kahawia wenye harufu mbaya ni wa tumbo au utumbo, na kumfuata upesi kutamfanya akimbilie mbali zaidi. Mafuta na nywele bila damu ya maana huenda ni mkwaruzo, lakini hata hapo fuata alama mpaka uwe na hakika.

Ukishampata, osha manyoya kwa maji baridi na sabuni kidogo isiyo na manukato. Maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Suuza, zungusha mshale maji yatoke, uache ukauke kivulini, upitishe kwenye mvuke, kisha urudishie unga. Kagua uti wote kabla ya kuupiga tena: ukunje kidogo karibu na sikio, na uti wa kaboni ukisikika ukilia au ukionyesha ufa, uvunje utupe, hata kama manyoya bado ni mazima.